Hesabu za Nyuma ya Mlima

Kutoka dirisha la jikoni, ghorofa ya tano, Almaty,
mlima umetupa kisogo.
Nyuma yake, asema mama, ndiko ziwa liliko.
Kunguru akiamua leo, anafika kabla chai haijapoa.
Sisi si kunguru.
Tuna vitambulisho viwili, goti moja bovu,
na barabara inayouzunguka mlima usiku kucha
kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Nimechukua daftari la hesabu la Alikhan, kurasa za nyuma.
Kushoto tenge, kulia som.
Basi dogo, kwenda na kurudi.
Chumba kwa Bi Tursunai, Cholpon-Ata.
Nilimpigia; mbwa wake alibweka kwanza, kisha yeye:
"Msije Agosti. Agosti nawachuna watu.
Septemba narudi kuwa binadamu, bei nusu.
Aprikoti zitakuwa zimekwisha, ila jamu ninayo,
na maji bado yatakuwa na joto la waliooga."

Nikaandika: Septemba.
Nikaandika: mkate, mayai ya kuchemsha, chai ya chupa,
tusije tukanunua kitu pale mpakani
ambako hata maji ya kunywa yana kiburi.

Mama akavaa miwani, akapitisha kidole ukurasa mzima.
"Umesahau kuandika goti."
"Goti nalo linalipa nauli?"
"Saa kumi barabarani! Linataka kiti chake."

Viti vitatu, watu wawili.
Jumla ikafura kama maziwa yaliyoachwa motoni.
Basi nikaanza kukata: siku tano zikawa nne,
nne zikawa tatu,
samaki wa kukaushwa akawa nusu samaki,
na chumba cha kutazama ziwa kikawa chumba cha kutazama kuku.
"Vizuri," akasema, "sifuati ziwa nilione nikiwa kitandani."

Yeye alishawahi kufika.
Mwaka wa sabini na tisa, wanafunzi kumi na mmoja wa jiolojia,
walivuka kwa miguu, juu kwa juu, siku nne,
nchi ilikuwa moja na ufukara wake mmoja,
hapakuwa na mtu wa kukuuliza unakwenda wapi
isipokuwa theluji.
"Iligharimu nini?"
"Jozi ya viatu."
"Na mlikuwa na nani, hao kumi wengine?"
Akachukua kikombe nilichokwisha kukiosha
akakiosha tena.

Milima haikutani.
Binadamu hukutana, wakipata nauli.

Usiku alinigongea mlango, mkononi chupa ya achari
isiyo na achari: noti zimekunjwa kama barua.
Naijua chupa ile. Ndiyo sanda yake,
ndiyo nyama ya waombolezaji na chai ya siku ya saba.
"Toa hapo kiti cha goti.
Mtanizika kwa bei nafuu.
Maiti hahesabu sahani za wageni."
Nilikataa. Akaiweka juu ya daftari, akaenda kulala,
na mimi nikabaki na chupa ikinitazama.

Siku hizi jioni hashuki kwa lifti.
Zaure wa ghorofa ya pili alimwambia
kwamba pale Kordai abiria wote huteremka,
huvuka mpaka kwa miguu, kila mtu na mzigo wake,
na dereva hamngoji mzembe.
Basi anafanya mazoezi. Nikiwa jikoni namsikia:
kishindo, mkono kwenye chuma cha ngazi,
kimya,
kishindo.
Akifika chini huuliza kwa sauti ngapi zimebaki,
na mimi, kwa ujinga, nadhani anauliza pesa.

Bado tenge elfu nne.
Nimefuta "viti vitatu."
Nimeandika tena, kwa wino safari hii.
Nje mlima umeanza kuvaa nyeupe mapema mno,
na ni tarehe ishirini na tisa tu, Agosti.